Mlio wa Sista

Sijawahi kumwona Sista akimaliza kikombe cha chai kazini. Miaka yote niliyofanya naye kazi pale zahanati, yeye mkunga na mimi mhudumu, nilikuwa namwaga chai yake nusu, robo, siku nyingine kikombe kizima. Nikawa nanung'unika, maana sukari tuliipangia foleni kwenye duka la kijiji, na mtu anayeacha sukari ipotee hivihivi mimi simwelewi mpaka leo. "Sista, chai yako inapoa." "Nakuja, Somoe." Anakuja kweli, anachukua kikombe, anakunywa funda moja akiwa amesimama, anakumbuka mizani ya watoto, anakiacha dirishani. Jioni nakikuta pale, kina nzi.

Tulimwita Sista, basi. Alitoka bara, mbali, Mkristo, serikali imempangia kwetu kama ilivyowapangia walimu na watu wa bandarini. Siku ya kwanza wazee walimuuliza ukoo wake, si kwa ubaya, ndivyo tunavyompokea mgeni, akajibu kwamba ukoo wake ni wa watu wasiokaa. Wakacheka, wakadhani anatania. Zaidi ya hapo hatukupata, na mimi sitamtungia.

Neno lake lilikuwa "tusikae." Mkutano wa kijiji ukirefuka, anainuka: tusikae. Msibani, tumeketi na wafiwa mkekani, ananigusa goti chini ya khanga: Somoe, tusikae. Shamba la ujamaa alilikwepa kwa sababu ya zamu zake, lakini akipita njiani na pikipiki akamkuta mtu ameegemea jembe, atateremka, alichukue lile jembe, alime matuta yule mtu akitazama, kisha amrudishie na kuondoka. Watu walikasirika. Mimi pia nilikasirika, maana aliyebaki kuomba radhi nilikuwa mimi.

Sikumpenda haraka, niseme ukweli. Alikuwa anaendesha pikipiki ya zahanati mwenyewe, na nyuma alitaka anipakie mimi na sanduku la vifaa. Mwanamke kuendesha pikipiki, wakati ule, kwetu! Alivaa suruali ya kaki chini ya gauni lake jeupe. Mara ya kwanza kupanda, tulipoingia kwenye mchanga ule wa njia ya Msimbati, nilirushwa mpaka kwenye matawi ya mkorosho. Nimelala pale, majani mdomoni, nasubiri nisikie pole. Akanitazama akasema, "Unaegemea upande usiotakiwa." Nikaapa sipandi tena. Kesho yake nilipanda, na nikaegemea upande unaotakiwa.

Lakini adabu alikuwa nayo, nisimwonee. Khanga yake aliifunga kwenye tangi la mafuta. Tukifika kijijini anazima mashine, anafungua khanga, anajifunga juu ya ile suruali, ndipo anakwenda kuwaamkia wazee, shikamoo moja moja, mpaka yule wa mwisho kabisa asiyeona vizuri. Haraka zake zote zilisubiri pale. Mwezi wa Ramadhani hakufunga, ila sijamwona akinywa hata maji mbele yetu, na jua linapokuchwa yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kunikumbusha kwamba uji wangu upo tayari.

Vituko vyake vilikuwa vingi na havikupatana. Aliipiga vita nipa, ile pombe kali ya mabibo, zaidi ya sheikh wetu. Aliwafokea hadharani wanaoipika, akiwaambia wanawaua vijana kwa sumu. Kisha namwona anabisha hodi kwa mpishi yuleyule na chupa tupu mkononi. Yule bwana alikuwa na ulimi, akamuuliza, "Sista, si ulisema hii sumu?" "Ni sumu," akasema, "ndiyo maana naitaka chupa nzima." Alikuwa anaoshea kabureta, kile chombo cha pikipiki kinachochanganya petroli na hewa. Petroli tuliyopewa ilikuwa kidogo, hakuwa tayari kuimwaga kwa kusafishia vyuma. Basi zahanati yetu siku hizo ilinuka nipa, na mimi mtoto wa Kiislamu narudi nyumbani na harufu ile kwenye nguo, nieleze mwenyewe.

Ufundi alijifunza kwa dereva wa hospitali ya misheni alikosomea ukunga. Kucha zake zilikuwa na weusi wa grisi usiotoka, na kabla ya kumgusa mzazi alizisugua kwa sabuni na mchanga mpaka ngozi inakuwa nyekundu. Na hapo, kitandani pa mzazi, ndipo mahali pekee alipotulia. Yule mtu asiyekaa, mwenye kupiga mlango na kuacha maji yakichemka, akishika tumbo la mwanamke mikono inakuwa mingine. Polepole. Sauti inashuka. "Haraka ya nini, mama? Tupo hapa." Nilikuwa nikimsikia namtazama mara mbili.

Sasa niseme habari ya mlio, maana kwangu huyo mtu na mlio ule havitengani.

Kazi yetu ilikwenda mpaka kijiji cha mwisho, kando ya mikoko ya Ruvuma. Watu walikuwa wamehamishiwa pale wakae pamoja, nyumba zimepangwa kwa safu, na nyuma ya kila safu kulikuwa na mahandaki. Ng'ambo ya mto kulikuwa na vita, na mara nyingine vita vile vilivuka. Mtoto wa kule alijua jambo moja kabla hajajua kuhesabu: ukisikia kishindo, ingia shimoni, usimtafute mama, mama yuko anakuja. Na walijua jambo la pili, kwamba pikipiki ya Sista ikisikika kwa mbali, ule mlio wake mzito unaokwenda sawasawa, wanawake watoke na watoto wa kupima. Hatukuhitaji kupiga mbiu. Tukifika, wameshajaa barazani.

Chumvi ya pwani ikala ekzosi, lile bomba la moshi. Tulikuwa njiani, likadondoka lote mchangani, mashine ikanguruma kama imechinjwa. Sista akaandika wilayani, jibu likawa hakuna. Akaenda Mikindani kwa fundi mmoja wa kuchomelea, na yule fundi akamtengenezea ekzosi kutoka bomba la pampu ya maji iliyokufa kwenye shamba la mkonge. Kazi safi kwa macho. Imenyooka, nene, inang'aa. Nikamwambia Sista sasa tumepata kitu cha maana.

Tulipokuwa tukipanda vilima, ilikwenda. Tulipoteremka kuelekea kijiji cha mwisho, akaachia mkono wa mafuta, na lile bomba likapiga. Pa. Pa-pa. Nilidhani tumepigwa risasi, nikamkumbatia kiunoni nikasoma shahada. Aliponyanyua kichwa chake na mimi changu, kijiji kilikuwa hakina mtu. Ndoo zimelala kisimani, maji yanatiririka. Chungu kiko mekoni kinachemka peke yake. Kisha kichwa kimoja kikatokea nyuma ya nyumba, na kingine, wamejaa udongo.

Katika waliotoka shimoni alikuwapo Hadija. Ni kwa ajili yake tulikwenda kule siku ile. Alikuwa amezika watoto wawili, wote walikufa siku ya kuzaliwa, na mara ya pili damu nusura imchukue na yeye. Sasa alikuwa na mimba ya tatu, kubwa, na Sista alimwambia mbele ya mama mkwe wake: safari hii usijifungue bila mimi. Na huyo Hadija, tumbo lile, alikuwa ameteleza shimoni kwa kutukimbia sisi. Sista akampima palepale, magoti mchangani. Mtoto alikuwa anacheza. Mama mkwe akasema, "Sista, tunakupenda, lakini kitu hicho usirudi nacho."

Njiani kurudi alinieleza kwa kupiga kelele juu ya upepo. Ekzosi la zamani lilikuwa na vizuizi ndani, mashine ilitoa pumzi kwa shida. Hili jipya liko wazi, inapumua mno, hewa inayoingia imezidi petroli. Petroli kidogo ikichelewa kuwaka inawakia bombani. "Dawa yake iko kwenye kabureta," akasema. "Inataka kulishwa zaidi." Nikasema ilishwe basi, hata leo.

Haikuwa rahisi hivyo. Alianza na kiungo cha bomba, akakiziba kwa bati la kopo la maziwa. Ikapiga. Akafungua kabureta, akaipandisha ile sindano ya ndani ngazi moja ili petroli izidi. Ikapungua, ikapiga. Akazungusha skrubu ya hewa, akaenda mpaka kijiji cha Ziwani na kurudi, akafungua plagi, ile inayotoa cheche, akanionyesha: nyeupe, imeungua. "Tunataka rangi ya korosho iliyokaangwa vizuri," akasema. "Hii ni njaa." Alipandisha sindano mpaka mwisho wake. Plagi ikabaki nyeupe.

Na kazi haikusubiri. Akawa anaenda hivyohivyo na vishindo vyake, akiomba radhi kila kijiji, kila nyumba. Mpaka siku ile katibu wa kijiji cha mwisho alipokuja zahanati, mtu mcheshi, akaegemea mlango.

"Sista, usihangaike tena na mashine yako. Watu wameshazoea."

"Wamezoea nini?"

"Huo mlio. Jana umepita juu kule, pa-pa-pa, hata mbuzi hawakuinuka. Watoto wanasema, Sista huyo."

Nilicheka. Nilifurahi kwa kweli. Sista alikuwa ameshika bakuli la vyombo, akaliweka chini.

"Ndugu Katibu, siku mabomu yakija, watasema nani huyo?"

Katibu aliacha kucheka. Alitazama viatu vyake, akasema atatangaza mkutanini watu wawe macho. Sista akamuuliza, mtu anakuwaje macho na sauti mbili zinazofanana? Katibu aliondoka bila kunywa maji niliyompa.

Tangu hapo Sista hakupanda pikipiki kwenda upande wa mto. Alitembea. Anatoka alfajiri, anafika jua limepinda, anapima wawili watatu, analala huko, anarudi miguu imevimba. Na mimba ya Hadija inakaribia. Nilimkasirikia sana. Nilimwambia, "Sista, uchungu ukimshika huyu mwanamke, wewe utafika kuzika. Panda mashine, mtoto azaliwe, mengine baadaye."

"Na wale wengine?"

"Uzime kabla ya kijiji, tusukume."

"Kijiji kipi, Somoe? Njia yote inafuata mto. Wapo kila mahali, mashambani, kisimani, kwenye mashamba ya chumvi. Nitazima wapi?"

Nilizidi kukasirika. Alikuwa hali chakula, anazunguka ua na bisibisi mkononi. Akianza kufua anaacha, akianza kuandika anaacha. Nilimwogopea. Alikuwa na woga wa pande mbili: akienda na mashine atawafundisha watu kutokimbia, asipoenda nayo Hadija atatoka damu peke yake. Hakukuwa na wa kumbebea hata upande mmoja.

Kilichobaki kilikuwa jeti, kile kipande kidogo cha shaba ndani ya kabureta chenye tundu linalopitisha petroli. Kilitakiwa chenye tundu kubwa zaidi, nacho hakikupatikana wilayani wala mkoani. Njia iliyobaki ilikuwa kulitanua tundu lililopo kwa waya. "Nikizidisha," aliniambia, "halirudi. Itakunywa mafuta mpaka izimike, na hapo hatuna pikipiki tena, kwa Hadija wala kwa mtu yeyote." Alilizungukia jambo hilo siku kadhaa. Analitoa, analitazama, analirudisha.

Asubuhi moja amelitoa tena, liko kiganjani, ndipo mume wa Hadija alipoingia uani na baiskeli. Shati limeloa. Hakusalimu.

"Uchungu umemshika. Alfajiri."

Mimi nikakimbilia sanduku la vifaa. Nikarudi nalo, namkuta Sista amekaa. Amekaa chini, kwenye jamvi, mgongo ukutani, ameshika waya mwembamba aliounoa. Mikono imekuwa ile ya kitandani pa mzazi. Anaingiza waya, anazungusha mara moja, anatoa, anainua tundu kwenye mwanga. Anapuliza. Anaingiza tena.

"Sista," nikasema, "jamani, tusikae!"

"Kaa, Somoe."

Nikakaa. Yule mwanamume anatembea ukutani mpaka mlangoni, mlangoni mpaka ukutani, anasema Ya Rabi. Nilitaka kumpiga Sista, nasema wazi, nilitaka kumnyang'anya kile chuma. Akainuka, akakiosha kwa ile nipa, akakifunga, akapiga kiki. Akaenda barabarani mpaka kwenye minazi, akageuka, akaja kwa kasi, akaachia mafuta mbele yetu.

Hakuna kishindo. Mashine ilishuka kwa sauti yake ya zamani, nzito, sawasawa. Akazima, akafungua plagi inachoma vidole, akaitazama, akanionyesha. Ilikuwa kahawia.

"Panda," akasema.

Tulimwacha yule mume na baiskeli yake. Sijui tulipitaje ule mchanga. Najua niliegemea upande unaotakiwa. Tulipoteremka kuelekea kijiji cha mwisho akaachia mafuta na mimi nikafumba macho, haikupiga. Hakuna aliyekimbia, na hakuna aliyetoka. Walikuwa wameusahau mlio wetu wa zamani. Mama mkwe alishtuka kutuona mlangoni.

"Mmefikaje? Hatukuwasikia."

"Vizuri," akasema Sista, akafungua khanga kwenye tangi.

Damu ilikuja kama alivyohofu. Sitaieleza, wanaojua wanajua. Alikuwa na ngumi moja tumboni pa Hadija na mkono mwingine ndani, anasema haraka ya nini, mama, tupo hapa, jasho linamdondoka puani. Mtoto alilia kabla ya mama kutulia. Msichana. Mama mkwe alimbeba akakaa naye kwenye kona, hakuthubutu kumfurahia mpaka jioni, Hadija alipoomba uji.

Hazikupita wiki nyingi. Tulikuwa zahanati, mchana, tunapanga chupa, vishindo vikaanza upande wa mto. Sista akatoka mbio uani. Nilimfuata, nikamkuta ameweka viganja vyote viwili juu ya tangi la pikipiki, kama mtu anayehakikisha kwamba ipo hapo na si kwingine. Vishindo vilipokoma tulikwenda.

Watu walikuwa wanatoka mashimoni, udongo kwenye nywele. Nyumba ya Hadija ilikuwa imelala. Paa limeingia ndani, limekiangukia kile kitanda alichozalia. Sista aliteremka kabla pikipiki haijasimama vizuri, mimi na pikipiki tukaanguka pamoja. Akaanza kuita. Hadija akajibu kutoka nyuma ya safu, amepanda nusu ya ngazi ya handaki, mtoto amemfunga kifuani.

"Nipo, Sista. Jana ulipotupita njiani ukienda kimya, watoto wa jirani wakaniuliza kama umepona. Nikawaambia amepona. Leo niliposikia, nilijua si wewe."

Sista alipita kila safu akiwagusa watu kichwani, mmoja mmoja, mpaka akahakikisha hakuna aliyebaki ndani. Wakataka kumpikia chai kwa vyombo vilivyosalimika. Akasema ahsanteni, tusikae, kuna wa kufungwa majeraha.

Vita vile viliisha. Yeye akahamishiwa mikoa mingine, mimi nikabaki, nikazeeka. Nilisikia amestaafu, nilisikia ameugua, habari za watu wa mbali.

Kisha juzijuzi nimekwenda Mtwara mjini kutazamwa macho, natoka hospitali na fimbo yangu, mtu ananiita kwenye mgahawa: "Unaegemea upande usiotakiwa." Nilimjua kabla sijamwona. Amekonda, nywele nyeupe tupu, amekuja kutembelea pwani, kasema, kabla miguu haijagoma. Hata hapo alikuwa hatulii. Anapanga vijiko, anauliza watu wa kijiji cha mwisho, nani yupo, nani hayupo. Nikamwambia Hadija yupo, na yule msichana ana wajukuu. Chai ikaja. Akanywa funda moja, akaiacha.

Nje likapiga. Pa. Pa-pa-pa.

Sikumbuki kushuka. Najikuta chini ya meza, magoti yananiuma, na Sista yuko ubavuni, mkono wake juu ya kichwa changu, ananikandamiza. Yule binti wa mgahawa aliinama akatutazama. "Bibi zangu, ni bodaboda tu. Wamekata ekzosi, ndiyo mtindo wao."

Akatusaidia kuinuka. Sista akajipangusa, akaenda mpaka mlangoni. Dereva alikuwa pale mbele, anakaza na kuachia mafuta makusudi, anafurahia. Nikajua sasa ataomba bisibisi. Nikajua tutakuwa hapo mpaka jioni na kabureta ya watu. Nikachukua mkoba wangu.

Lakini alikuwa hamtazami dereva. Barabarani kulikuwa na watoto wanatoka shule, wengi, wanavuka wakisukumana. Yule jamaa akapiga tena, karibu nao kabisa. Hakuna aliyegeuka. Mmoja alikuwa anakula embe bichi, akaendelea kula.

"Hawakimbii, Somoe," akasema.

"Wakimbie nini, Sista?"

Alisimama pale. Watoto wote wakamaliza kuvuka. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Nimwambie apunguze hewa?" nikamuuliza, maana na mimi nilijifunza.

"Mwache apige," akasema. "Tukae."

Akarudi mezani, akavuta kikombe, akanywa chai yake mpaka ikaisha.